Mwami Mwezi Gisabo: Ngome Yake Ilikuwa Malisho, Maji na Mbegu

Kila askari hufundishwa mapema kwamba kikosi hakiendi vitani kwa risasi peke yake. Huenda kwa maji, kwa unga, kwa chumvi na kwa njia ya kuvifikisha vitu hivyo mahali vinapotakiwa. Kikosi kilichokatiwa chakula kimekwisha kushindwa nusu, hata kama hakuna bunduki iliyolia. Ilivyo kwa kikosi ndivyo ilivyo kwa nchi nzima, na maisha ya Mwami Mwezi Gisabo wa Burundi yanalithibitisha jambo hilo. Mtawala huyu alikalia kiti cha enzi kwa zaidi ya miaka 50, tangu katikati ya karne ya 19 hadi alipofariki dunia mwezi wa Agosti 1908. Aliwashinda ndugu waliomwasi, akawazuia wafanyabiashara wa watumwa waliotoka ziwani, akawasumbua Wajerumani kwa miaka mingi. Lakini kabla Wajerumani hawajamshika, nguvu zake zilikuwa zimekwisha kupunguzwa na adui asiyekuwa na bendera, aliyeingia nchini kupitia matumbo ya ng'ombe.

KUTAWAZWA AKIWA MTOTO

Baba yake alikuwa Mwami Ntare Rugamba, mpiganaji aliyeipanua Burundi pande zote. Ntare alipofariki karibu na mwaka 1850, mrithi aliyechaguliwa alikuwa mtoto Gisabo, ingawa Ntare aliacha wana wengine waliokuwa watu wazima, kila mmoja akiwa na eneo lake na watu wake. Kwa desturi ya Burundi wafalme walipokezana majina manne kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Zamu ilikuwa ya jina la Mwezi, na mtoto Gisabo akaitwa hivyo.

Kwa kuwa alikuwa mdogo, kaka yake Ndivyariye alishika usukani kwa niaba yake. Miaka ilipopita, mtoto akawa kijana, kijana akataka mamlaka yake, na Ndivyariye hakupenda kuyaachia. Ugomvi ukageuka vita, na Ndivyariye akashindwa. Hata hivyo ushindi huo haukumpa Mwezi nchi yote mkononi. Wazao wa Ntare, waliojulikana kama Batare, waliendelea kushika maeneo makubwa ya mashariki na kaskazini-mashariki, yakiwamo yale ya upande wa Muyinga, na utii wao kwa Mwami ulikuwa wa mbali. Wazao wa Mwezi mwenyewe waliitwa Bezi, na nguvu yao ilikuwa katikati ya nchi, kuanzia Muramvya hadi vilima vya Gitega.

NCHI ALIYOIRITHI

Msomaji asiyeijua Burundi na afuate mto Ruvubu katika fikra zake. Mto huo huanzia kwenye milima ya kaskazini-magharibi, ukapita katika nyanda za juu upande wa kaskazini wa Gitega, ukapokea maji ya Ruvyironza, kisha ukaelekea kaskazini-mashariki katika nchi ya Muyinga. Kutoka hapo huingia Tanzania na kuungana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo, ndipo mto Kagera unapopata nguvu ya kwenda Ziwa Viktoria na hatimaye Naili. Gitega iko juu, ina baridi na mvua za kutosha. Upande wa Muyinga, kadiri mtu anavyoteremka kuelekea Ruvubu na mpaka wa mashariki, joto huongezeka, mvua hupungua, na vilima vilivyolimwa hupisha mbuga za nyasi na miti michache.

Katika nchi kama hiyo utajiri haufichwi katika sanduku. Ng'ombe anataka majani mabichi, maji kila siku, chumvi, na nafasi ya kutembea. Majira ya kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, majani ya vilimani hukauka, na wachungaji huteremsha makundi kwenye mabonde yenye majimaji ambako kijani hubaki. Mwenye vilima bila mabonde hana mfugo wa kudumu. Ng'ombe naye huurudishia udongo kile alichokula, kwa maana samadi yake ndiyo inayoifanya migomba na mashamba yaliyo karibu na nyumba yazae mwaka hadi mwaka. Basi ng'ombe akifa, familia hupoteza maziwa leo, na mavuno ya ndizi na maharage kesho.

Mtama nao una masharti yake. Unahitaji mvua inayoanza kwa wakati, udongo uliotayarishwa, na miezi mingi ya kukomaa. Zaidi ya yote unahitaji mbegu iliyohifadhiwa na mtu aliyekataa kuila wakati wa njaa. Hapo ndipo hekima ya kale ilipokutana na ufalme.

NGOMA YA GISHORA

Kilomita chache kutoka mji wa Gitega kipo kilima cha Gishora. Masimulizi ya mahali hapo yanasema kwamba Mwezi Gisabo, baada ya kumshinda mtawala mwasi aliyeitwa Ntibirangwa, aliweka hapo makao ya ngoma za kifalme, kuwa shukrani kwa wenyeji waliomsaidia. Ngoma mbili zilizotukuzwa pale ziliitwa Ruciteme na Murimirwa. Jina la kwanza lina maana ya yule ambaye kwa ajili yake msitu hufyekwa. La pili lina maana ya yule ambaye kwa ajili yake watu hulima. Hakuna hata moja linalotaja mkuki.

Tena ngoma yenyewe ni mwili wa mti na ngozi ya ng'ombe. Mti unaochongwa huitwa umuvugangoma, yaani mti unaozungumzisha ngoma. Mti huo unahitaji miaka mingi ya mvua na udongo mzuri kabla shina lake halijawa nene kiasi cha kuchongwa. Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma inayopigwa, na ufalme wenyewe. Kwa hiyo pasipokuwa na msitu wala malisho, hakukuwa na ngoma. Na pasipokuwa na ngoma, hakukuwa na ufalme.

MWAMI NA MBEGU

Kazi kubwa ya Mwami katika macho ya raia wake haikuwa kuamuru vita. Kila mwaka, karibu na mwezi wa Desemba, palifanyika sherehe ya umuganuro, sherehe ya kupanda mtama. Mwami na wakuu wa mila walitimiza taratibu zao, ngoma zikapigwa, na sauti ikapokewa kutoka kilima hadi kilima. Hapo raia wakajua kwamba majira ya kupanda yameruhusiwa.

Mtu wa leo anaweza kuiona sherehe hiyo kuwa ni imani tu. Lakini na aitazame kwa jicho la mkuu wa ghala. Ilimlazimu kila mwenye nyumba kuwa na mbegu mkononi siku ile. Aliyeila mbegu yake angeonekana mbele ya majirani. Tena watu wote walipopanda kwa kipindi kimoja, ndege na wadudu hawakupata shamba moja changa la kulimaliza. Hasara iligawanyika kwa wote. Sherehe hiyo iliachwa mwaka 1929, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Mwezi aliishika maisha yake yote, na wakulima waliohesabu majira kwa ngoma yake walikuwa na sababu ya kumlinda.

KUWAZUIA WATU WA ZIWANI

Katika miaka ya 1880 hatari ilitoka upande wa Ziwa Tanganyika. Mfanyabiashara mashuhuri wa Ujiji, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye watu walimwita Rumaliza, alikuwa na bunduki na watu wengi wenye silaha, na alitamani pembe na watumwa wa nchi za juu. Sehemu nyingi za pwani ya ziwa zilitii. Burundi ya milimani haikutii. Watu wa Mwezi, wakiwa na mikuki, pinde na mishale, waliwazuia wavamizi wasiimiliki nchi ya juu.

Jiografia iliwasaidia, maana kutoka ziwani hadi Muramvya ni kupanda tu, na bunduki za siku zile zilichukua muda kujazwa. Lakini chakula pia kilisaidia. Mpiganaji wa Mwezi alitoka nyumbani kwake, akala mtama na maziwa ya kilima chake, akapigana, akarudi shambani. Mvamizi alibeba chakula chake mabegani au alikipora. Katika vita vya namna hiyo mwenye shamba ana subira kuliko mwenye mzigo.

SOTOKA YAINGIA

Mwaka 1887 jeshi la Italia lilikuwa likijiimarisha katika Eritrea, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Jeshi lile lilihitaji nyama na wanyama wa kazi, na inaaminika kwamba ng'ombe walioletwa kwa meli kwa ajili hiyo ndio walioleta sotoka katika nchi za kusini ya Sahara. Hiki ni kisa ambacho kila mwanajeshi anastahili kukijua. Posho ya jeshi moja iliteketeza mali ya mataifa ambayo jeshi hilo halikupigana nayo wala halikuyajua.

Sotoka huletwa na kirusi kinachoambukizwa mnyama kwa mnyama kwa kukaribiana. Ng'ombe hushikwa na homa, macho na pua hutoa majimaji, mdomo huwa na vidonda asiweze kula, kisha huhara hadi hufa kwa siku chache. Nyati na wanyama wengine wa porini hupatwa vilevile. Ugonjwa uliteremka kutoka kaskazini, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ukafika katika nchi za Maziwa Makuu. Katika Kirundi ulijulikana kwa jina la muryamo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ng'ombe 9 kati ya 10 walikufa.

Haukuja peke yake. Ukame, nzige na ndui viliandamana nao katika miaka hiyohiyo. Pia walikuja funza, wadudu waliovuka bahari kutoka Brazili hadi Angola mwaka 1872 na kutambaa barani kuelekea mashariki. Watu wasiojua namna ya kuwatoa walioza vidole vya miguu wakashindwa kulima. Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita Burundi mwaka 1892 akitafuta chanzo cha Naili, alikuwa ametoka kuwaona Wamasai wakifa kwa njaa baada ya kupoteza mifugo yao. Alipoingia Burundi kutoka upande wa kaskazini-mashariki, umati ulimzunguka kwa shangwe, wengine wakimdhania kuwa mfalme wa kale aliyerudi kuwaokoa. Watu walioshiba na wenye amani hawamtafuti mkombozi kwa namna ile.

Tuhesabu sasa kama wafugaji. Ng'ombe huchukua mimba miezi 9, huzaa ndama mmoja, na nusu ya ndama ni madume. Mtamba wa aina ya kienyeji huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 4 hivi. Mtamba aliyezaliwa mwaka 1892 alizaa karibu na 1896; binti yake akazaa karibu na 1900. Kwa hiyo miaka 10 baada ya sotoka, nchi ilikuwa imepata vizazi viwili au vitatu tu vya kuijaza nafasi ya maelfu waliokufa. Mwami ambaye aliwafunga watu kwake kwa kuwapa ng'ombe alikuwa na wachache wa kutoa. Mkuu asiyepata ng'ombe alianza kutazama pembeni. Na palipokosekana walishaji, vichaka viliota. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki vichaka hivyo vikawa makao ya mbung'o, wanaoambukiza ugonjwa wa malale.

WAJERUMANI NA MKATABA WA KIGANDA

Nchi ikiwa katika hali hiyo, Wajerumani walijenga kituo chao Usumbura mwaka 1897. Wamisionari Wakatoliki walifungua Muyaga upande wa mashariki mwaka 1898, na Mugera katika nchi ya Gitega mwaka 1899. Mwezi hakutaka kuwatii wageni wala kuonana nao. Alihama kutoka makao hadi makao, akawaacha watafute kivuli chake milimani. Tangu 1899 vikosi vya Wajerumani vilipanda kumwadhibu. Nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa.

Mwaka 1903 Kapteni Robert von Beringe aliamua kumaliza jambo hilo, ijapokuwa Gavana von Götzen alitaka wafalme watumiwe na si kuvunjwa. Jina la Beringe limebaki katika elimu ya wanyama kwa sababu nyingine: mwezi wa Oktoba 1902, kwenye mlima Sabinyo, aliwaua sokwe wakubwa wa milimani ambao wataalamu wa Ulaya hawakuwa wamewaandika, na sokwe hao wakaitwa kwa jina lake. Beringe alipata washirika Warundi wawili: Kilima, aliyeshika upande wa kaskazini-magharibi na kudai kuwa wa damu ya Ntare, na Maconco, mkwe wa Mwami mwenyewe. Wawili hawa waliijua nchi, njia zake na maficho yake. Bunduki za kisasa pamoja na viongozi wa njia waliotoka ndani zilitimiza kile ambacho bunduki peke yake hazikuweza.

Tarehe 6 Juni 1903, mahali paitwapo Kiganda, Mwezi Gisabo alikubali masharti. Aliitambua mamlaka ya Wajerumani, akaahidi kutoidhuru misheni ya Mugera, akakubali barabara ijengwe kutoka Usumbura hadi Muyaga, na akalazimika kuwatambua Kilima na Maconco kuwa watawala huru. Juu ya hayo alitozwa faini ya ng'ombe 424.

Aliyesoma hesabu ya sotoka ataelewa uzito wa faini hiyo. Fedha ikilipwa hutafutwa nyingine. Ng'ombe jike akitolewa huondoka na mimba yake, na maziwa yake, na samadi yake, na ndama wote ambao angewazaa. Faini hii iliangukia kundi lililokuwa likijaribu kusimama tena.

MIAKA YA MWISHO

Götzen hakufurahishwa na kazi ya Beringe, naye Beringe akaondolewa. Aliyeshika mahali pake baadaye, von Grawert, aliona kwamba nchi iliyovunjwa vipande haitawaliki wala haitoi chakula wala wachukuzi. Mwaka 1905 Wajerumani walimtambua Mwezi kuwa Mwami pekee wa Burundi. Maconco aliuawa mwaka huohuo, na Kilima akakamatwa mwaka uliofuata, akapelekwa mbali. Waliomsaliti Mwami kwa kutegemea rafiki mwenye bunduki waligundua kwamba rafiki huyo ana hesabu zake mwenyewe.

Mzee alirudishiwa jina, bila uhuru wake. Alipofariki mwaka 1908, mwanawe Mutaga, aliyekuwa kijana mdogo, akarithi ngoma. Miaka minne baadaye, mwaka 1912, Wajerumani walijenga kituo Gitega, katikati ya vilima vile ambavyo Mwezi alivitegemea. Mwaka 2019 Gitega ilifanywa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Ngoma za Gishora zinapigwa hadi leo, na mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu.

FUNZO KWA WENYE DHAMANA YA ULINZI

Sotoka imetoweka duniani. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imefutwa kabisa, kwa kazi ya chanjo na ukaguzi wa mifugo iliyochukua miongo mingi. Katika kazi hiyo vizuizi vya njiani vilikuwa na nafasi yao, kwa kuwa mnyama mmoja mgonjwa akivuka mpaka usiku huweza kubatilisha chanjo ya wilaya nzima. Magonjwa mengine ya mifugo bado yapo, na askari au polisi anayekagua kundi la ng'ombe mpakani, katika nchi yoyote ya ukanda huu, anafanya kazi ya ulinzi iliyo sawa na ile ya kukagua silaha.

Upande wa Muyinga, kando ya mto Ruvubu, iko hifadhi ya taifa yenye jina la mto huo, iliyoanzishwa mwaka 1980. Ndani yake wamo nyati, viboko, swala wakubwa wa majini na nyani, pamoja na ndege wa aina nyingi. Wanyama hawa wanadai yaleyale waliyodai ng'ombe wa Mwezi: majani, maji, kimbilio, na nafasi ya kuzaa bila kusumbuliwa. Jike mwenye mimba akiwindwa kwa bunduki iliyotolewa kwa ajili ya kulinda raia, hesabu ni ileile ya ng'ombe 424. Anayepoteza ni kizazi ambacho hakijazaliwa.

Mwezi Gisabo hakukosa ushujaa wala akili. Alidumu kwa kuwa watu wake walikuwa na maziwa, samadi na mbegu, na alianza kuanguka vitu hivyo vilipokatika. Kwa hiyo anayechoma moto malisho ya watu vitani, anayekunywesha farasi au lori lake na kukiacha kisima kimechafuka, anayekula mbegu ya mkulima kwa sababu ana njaa ya siku moja, na ajue kwamba anaibomoa ngome ya nchi yake kutoka ndani. Ukuta ukibomoka hujengwa kwa mwezi mmoja. Kundi la ng'ombe hujengwa kwa miaka ishirini, na mti wa ngoma kwa umri wa mtu.